Kikomo cha wati 3,000: uchambuzi wa kisa cha timu ya wanafunzi kwenye mashindano ya kompyuta kuu

Kisa hiki ni cha wanafunzi sita wa shahada ya kwanza walioshindana kwa saa 48 kwenye mashindano ya wanafunzi ya klasta (kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja), yale yanayofanyika Marekani kila Novemba ndani ya mkutano wa kompyuta kuu uitwao SC. Jina la chuo, nchi, mwaka, mfadhili wa vifaa na modeli ya mashine vimeondolewa, na vipimo vya umeme na muda vimekadiriwa kwenye tarakimu ya karibu. Tumekichagua kwa sababu kosa la pili la timu lilizaliwa na dawa ya kosa la kwanza. Tena, mwalimu yeyote anayeandaa timu kwenye nchi yenye umeme wa volti 230, kama Tanzania, au 240, kama Kenya, atakutana na mazingira yaleyale.

Usuli: mashindano yenyewe na sheria zilizoamua kisa hiki

Mashindano haya yalianza mwaka 2007 huko Reno, Nevada. Kikomo cha umeme wakati ule kilikuwa ampea 26 kwenye umeme wa kawaida wa Marekani, yaani wati 3,000 na kidogo. Tangu 2012 kuna mashindano mengine ya namna hii Ujerumani, ndani ya mkutano wa ISC, na kule Asia yapo ya ASC. Afrika inayajua vizuri: timu ya Afrika Kusini, iliyochujwa kupitia mashindano ya kitaifa ya CHPC, kituo cha kompyuta kuu cha Cape Town, ilishinda ISC mwaka 2013 kule Leipzig, ikashinda tena 2014 na 2016.

Wanafunzi hujenga klasta yao wenyewe kwa vifaa vya kuazima kutoka kwa mfadhili. Siku ya kwanza mchana hupima mashine kwa vipimo vya kawaida, hasa HPL na HPCG. Jioni kengele hulia, na kwa saa 48 huendesha programu za kisayansi: baadhi zimetangazwa miezi kadhaa kabla, moja ni ya kushtukiza. Waamuzi hupita kwenye mabanda kuhoji kila mwanafunzi anaelewa nini kuhusu kazi anayoifanya.

Sheria nne ndizo zilizobeba kisa hiki. Kwanza, jumla ya umeme unaosomwa kwenye PDU, yaani vile vigawa umeme vyenye mita vinavyotolewa na kamati, isizidi 3,000 W wakati wowote. Kinachohesabiwa ni kilele cha usomaji; wastani hauna nafasi. Pili, kipimo cha kwanza kikishaanza, vifaa vimefungwa: hakiongezwi kitu, hakiondolewi kitu, na kilichoharibika hubadilishwa kwa kingine kilekile kwa idhini ya kamati. Tatu, mwalimu na wahandisi wa mfadhili hawaruhusiwi kugusa mashine wala kutoa ushauri wa kiufundi. Nne, kamati inaweza kukata umeme bila taarifa, na timu inatakiwa irudishe mashine kazini yenyewe.

Timu, mashine na msaada uliotolewa

Mashine ilikuwa na nodi tatu, yaani seva tatu. Nodi A na B zilifanana: kila moja prosesa mbili na kadi nne za GPU (kadi zinazofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja), kila kadi na kumbukumbu ya GB 32 na kikomo cha kiwandani cha 250 W. Nodi C haikuwa na GPU. Yenyewe ilibeba diski za kasi za NVMe, ikagawa mafaili kwa wenzake kwa NFS (njia ya kutumia mafaili kwa pamoja kupitia mtandao), na ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia. Swichi moja ya InfiniBand, mtandao wa kasi, iliziunganisha zote.

Ukijumlisha kwa namba za kiwandani unaona mara moja tatizo liko wapi. Kadi nane kwa 250 W ni 2,000 W. Prosesa sita kwa 150 W ni 900 W. Hapo tayari ni 2,900 W, bado feni, kumbukumbu, diski, swichi na umeme unaopotea ndani ya pawa saplai. Mashine hii haiwezi kukimbia yote kwa nguvu zote, na haikukusudiwa hivyo. Timu nyingi zinazofanya vizuri huweka kadi nyingi kisha huzibana kila moja, kwa kuwa GPU iliyobanwa hutoa hesabu nyingi zaidi kwa kila wati kuliko iliyoachiwa.

Mashine ilikaa chuoni wiki tatu tu kabla ya kufungwa tena kwenye makasha. Mhandisi wa mfadhili alifanya nao vikao viwili kwa njia ya mtandao. Mwalimu mlezi aliwagawa: wawili mfumo na HPL, wawili programu ya molekuli ya GROMACS, mmoja programu ya hali ya hewa ya WRF, na mmoja maandishi na programu ya kushtukiza. Chuo kilitoa chumba chenye kiyoyozi, kikawekwa nyuzi 18.

Jambo moja mwalimu alilifanya vizuri kupita kawaida. Miezi miwili kabla, aliandika barua pepe mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa kamati: PDU ni za volti ngapi, soketi zake za aina gani, na saketi ni za ampea ngapi? Jibu lilikuwa volti 120, saketi mbili za ampea 20. Ya pili ilikwenda kwa mfadhili: pawa saplai hizi za 2,000 W zitatoa wati ngapi kwenye volti 120? Jibu lilikuwa 1,000 W kila moja. Pawa saplai nyingi za seva ziko hivyo, namba kubwa iliyobandikwa ubavuni ni ya volti 200 kwenda juu. Kwa hiyo nodi yenye GPU, iliyoonekana ina pawa saplai mbili ili moja ikifa nyingine ibebe, ukumbini ingezihitaji zote mbili kwa pamoja kila kazi ikikolea. Timu ililijua hilo mapema, ikafunga kila waya kwa kamba ya plastiki ili mtu asiukanyage ukachomoka. Ikagawa pia mzigo: A kwenye saketi moja pamoja na swichi, B na C kwenye nyingine, kila saketi ikibaki chini ya 1,920 W, yaani asilimia 80 ya ampea 20, kiwango ambacho mafundi wa Marekani hutumia kwa mzigo wa kuendelea.

Kipimo cha HPL

HPL hutatua mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo. Ukubwa wa jedwali, N, huchaguliwa kulingana na kumbukumbu iliyopo. Kadi nane za GB 32 ni GB 256. Kwa asilimia 90 ya hiyo, kila namba ikichukua baiti 8, N inakaribia 169,700, ikashushwa hadi 169,344 ili igawanyike kwa NB, ukubwa wa vipande vya jedwali, ya 384. Mpangilio wa kadi kwa safu na nguzo, P×Q, ulikuwa 2×4. Kazi nzima ni theluthi mbili ya N kwa kipeo cha tatu, karibu hesabu 3.2×10¹⁵, kwa hiyo kwa TFLOPS 30 (trilioni 30 za hesabu kwa sekunde) inaisha ndani ya sekunde 108. Umeme hupanda mwanzoni, jedwali likiwa zima, kisha huteremka kadiri sehemu iliyobaki inavyopungua. Kilele kiko kwenye nusu dakika ya kwanza.

Chuoni, kadi zikiwa zimebanwa 235 W, timu ilipata TFLOPS 31.2 na mita ya ukutani ikasoma 2,870 W. Wakabaki na nafasi ya 130 W. Waliona inatosha.

Mlolongo wa matukio

*Saa 3:10 asubuhi.* HPL ya kwanza ukumbini. Sekunde 20 baadaye king'ora cha PDU kililia: 3,210 W. Kipimo kikakataliwa.

*Saa 3:25.* Walirudia bila kubadilisha chochote, wakitumaini ilikuwa bahati mbaya. 3,190 W. Kikakataliwa tena.

*Saa 3:30 hadi 5:00.* Hapo ndipo walipotulia. Usomaji wa `nvidia-smi`, amri ya kusoma na kupanga kadi za GPU, ulionyesha kadi zote zinatii, hakuna iliyopita 235 W. Usomaji wa vihisi kwa `ipmitool` ndio uliofichua kisa: hewa inayoingia kwenye nodi ilikuwa nyuzi 29, na feni zilikuwa asilimia 75 ya kasi yake. Chuoni zilikuwa asilimia 40.

Umeme wa feni hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka 40 hadi 75 ni mara 1.9 kasoro kidogo. Kipeo chake cha tatu ni mara sita na nusu. Feni za nodi moja zilizokula 20 W chuoni sasa zilikula 130 W, na nodi za GPU ni mbili. Ongeza kidogo cha nodi C, jumla ni karibu 250 W zaidi. Juu ya hapo, pawa saplai kwenye volti 120 zilipoteza asilimia 8 badala ya 6. Hesabu inafika karibu 3,200 W, karibu sawasawa na alichokisoma mwamuzi.

Joto lilitoka wapi? Nyuma ya banda kulikuwa na pazia zito linalotenganisha na timu jirani, nusu mita kutoka mgongoni mwa nodi. Hewa ya moto iligonga pazia, ikapanda, ikarudi mbele.

*Saa 4:15.* Mhandisi wa mfadhili aliyekuwa akipita aliona hali, akaanza kuwaeleza jinsi ya kuzipunguza feni kwa mkono kupitia IPMI, mfumo wa kusimamia vifaa vya ndani vya seva. Nahodha alimkatisha kwa adabu, akamwomba atoke nje ya banda, kisha akamweleza mwamuzi kilichosemwa. Mwalimu alikuwa ameshaondoka mwenyewe dakika kumi kabla, alipoona hawezi kuendelea kutazama akanyamaza.

*Saa 5:00.* Mezani palikuwa na njia nne:

- kupunguza kasi ya feni kwa mkono;
- kuzima kadi moja ya GPU na kuacha saba zifanye kazi;
- kubana kadi zote nane zaidi;
- kuondoa chanzo cha joto.

Ya kwanza waliikataa kwa kuwa ilikuwa imetajwa na mhandisi, na kwa kuwa kadi ikifika joto lake la juu hujipunguza yenyewe bila mpangilio. Ya pili waliikataa kwa hesabu: saba ni namba tasa, mpangilio pekee uliobaki ni 1×7, na HPL hupenda P na Q zikaribiane. Wakachagua ya tatu na ya nne kwa pamoja. Walihitaji kushusha karibu 290 W kwenye kadi nane, yaani 36 W kila moja. Wakabana 200 W. Kuhusu pazia, waliandika swali kwenye karatasi ya kamati: je, kulifunga pazia pembeni ni kubadilisha vifaa? Kamati ikajibu baada ya dakika 20 kwamba pazia si sehemu ya mashine, lifungwe.

Kikomo cha 200 W kiliwekwa kwa kuandika `nvidia-smi -pl 200` kwa mkono kwenye nodi A, kisha B. Mwanafunzi wa mfumo akaiandika amri hiyo kwenye daftari, akaizungushia duara.

*Saa 6:30 mchana.* HPL ya tatu: kilele 2,905 W, TFLOPS 28.9. Ikakubaliwa. Hewa ya kuingia ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 26. HPCG ikafuata bila shida.

*Saa 2:00 usiku.* Kengele ya saa 48. Saa 3:20 WRF ilianza kwenye prosesa za A na C: utabiri wa saa 48 uliokadiriwa kuchukua saa tisa. GROMACS ikaanza kwenye B.

*Saa 8:40 usiku.* Umeme ukakatwa kwenye mabanda yote. Ukarudi saa 8:45.

Zamuni walikuwepo wawili, wote wa GROMACS. Nodi A na C ziliwaka zenyewe. B ilibaki kimya, kwa sababu kwenye BIOS yake, programu ya kuwashia mashine, mpangilio wa kinachofuata umeme ukirudi ulikuwa "baki umezimwa". Ilichukua dakika 12 kugundua. A nayo iliwaka kabla C haijamaliza kuandaa diski, ikashindwa kupata mafaili ya NFS, ikabidi izimwe na kuwashwa tena. GROMACS yenyewe haikupoteza kitu kikubwa: huhifadhi hali yake kila dakika 15 usipoiambia vingine, na kwa `-cpi` inaendelea ilipoishia. WRF haikuwa na faili hata moja la kuendelea nalo. Saa tano na dakika 20 za kazi zilipotea.

*Saa 9:25 usiku.* Mwenye WRF alikuwa amelala hotelini, simu imezimwa. Wale wawili waliona nodi A imekaa bure, wakaamua kuipa GROMACS kadi zote nane, mwigo mmoja kwa kila kadi. Uamuzi wa busara kabisa. Dakika moja baadaye king'ora kililia: 3,290 W.

Kikomo kinachowekwa kwa `-pl` hakidumu nodi ikizimwa. Kadi zote zilikuwa zimerudi 250 W kimyakimya.

Matokeo

Timu ilifungua tena kazi ikiwa na kikomo sahihi saa 10:05 alfajiri. Kwa kuwa sasa si muda wa vipimo tena, kuvuka kikomo kulikatwa alama na matokeo ya miigo iliyokuwa ikiendelea yakafutwa, ikabidi yaanze upya kutoka hifadhi ya kabla ya saa 8:40. WRF ilianza upya saa 2 asubuhi. Kati ya maswali matano ya WRF, mawili hayakujibiwa. GROMACS ilikamilika. Programu ya kushtukiza ilifika nusu. Kwenye mahojiano, waamuzi waliwapa alama za juu walipoeleza hesabu ya feni, kwa kuwa waliieleza na karatasi ya vipimo mkononi.

Uchambuzi

*Kikomo cha umeme ni cha ukumbini.* Timu ilikisoma kikomo vizuri, ikakipima kwa mita halisi ya ukutani, ikaacha nafasi. Kilichokosekana ni kupima kwenye joto la ukumbini. Nafasi ya 130 W kwenye chumba cha nyuzi 18 si nafasi. Jaribio lenyewe halihitaji kifaa chochote: zima kiyoyozi, subiri hewa ya kuingia ifike nyuzi 28 hadi 30, kisha endesha HPL. Kwa watu wa Mombasa au Dar es Salaam hata kusubiri hakuna. Kama huwezi kupata volti 120, ongeza asilimia 2 hadi 3 kwenye usomaji wako, ndipo ulinganishe na kikomo.

Kurudia kipimo cha pili bila kubadilisha kitu kulikula dakika 15 na uvumilivu wa mwamuzi. Mashine iliyozidi kwa 210 W haijazidi kwa bahati mbaya.

*Kubana kadi zote kulikuwa sahihi.* Kikomo kilishuka asilimia 15, kasi ikashuka asilimia 7 tu. Hicho ndicho kinachotarajiwa, kwa sababu wati za mwisho kwenye GPU hununua kasi ndogo sana. Ingefaa timu iwe na jedwali lake kutoka chuoni: kikomo 150, 165, 180, 200, 220, 235, na kwa kila kimoja TFLOPS na wati za ukutani. Kulitengeneza ni kazi ya saa moja, kila mwendo ukiwa chini ya dakika tatu. Wangekuwa nalo, ile dakika 90 waliyoitumia asubuhi kutafuta suluhisho ingekuwa robo saa.

*Dawa iliyoandikwa kwa mkono.* Hapa ndipo kisa kilipo. Mwanafunzi hakuzembea: aliandika amri, akaiwekea alama kwenye daftari, akawaeleza wenzake. Lakini daftari lilikuwa la watu, na umeme ulipokatika aliyehitaji kukumbuka ilikuwa nodi. Kila mpangilio unaolinda sheria unapaswa kuwekwa mahali ambapo mashine inausoma yenyewe inapowaka. Kwa systemd, mfumo unaoanzisha huduma Linux inapowaka, ni faili fupi la huduma ya mara moja, lenye mistari miwili ya `ExecStart`: wa kwanza `nvidia-smi -pm 1`, wa pili `nvidia-smi -pl 200`, na lenye `Before=slurmd.service` ili nodi isipokee kazi yoyote kabla kikomo hakijakaa. Juu ya hilo, skripti ya utangulizi ya Slurm, programu inayogawa kazi kwa nodi, isome `nvidia-smi -q -d POWER` na ikatae kazi ikiona kadi yenye kikomo tofauti. Huduma peke yake inaweza kushindwa kuanza, na skripti peke yake haiwekei mtu kikomo. Vinahitajika vyote viwili.

Kuna sababu ya kibinadamu pia. Amri ile iliandikwa chini ya shinikizo, ikafanya kazi, na ushindi wa saa 6:30 ukafunga mjadala. Hakuna aliyerudi kuuliza "hii itakuwaje nodi ikizimwa?", ingawa sheria ya nne ilikuwa imebandikwa ukutani mwa banda.

*WRF na namba moja kwenye namelist, faili lake la mipangilio.* Kipindi cha kuandika mafaili ya kuendelea huwekwa na `restart_interval`, na kipimo chake ni dakika za ndani ya utabiri, si dakika za saa ya ukutani. Faili la mfano linalokuja na programu huweka maelfu, 5,000 au 7,200 kulingana na toleo. Utabiri wa saa 48 ni dakika 2,880. Maana yake faili la kwanza la kuendelea lingeandikwa baada ya utabiri kuisha, yaani lisingeandikwa kamwe. Mazoezini walitumia utabiri wa saa sita unaomalizika kwa muda mfupi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuhitaji faili la kuendelea, wala kuona kwamba halipo.

Wangeweka 180, kwa mwendo wao wa dakika 320 za utabiri kwa saa moja, faili lingeandikwa kila dakika 34 hivi. Umeme ulikatika wakiwa dakika ya 1,700 na ushei. Faili la mwisho lingekuwa la dakika ya 1,620, na hasara ingekuwa dakika 16 badala ya saa tano na ushei. Gharama yake ni maandishi 16 kwenye NVMe, kama sekunde 15 kila moja: dakika nne kwa kazi nzima.

*Mtu mmoja, programu moja.* Mgawanyo wa kazi uliifanya WRF kuwa mali ya mtu mmoja, na zamu zikapangwa bila kuangalia nani anajua nini. Saa 8:45 usiku waliokuwepo hawakujua hata waangalie faili gani kuthibitisha kama kuna cha kuendelea nacho. (Ni `wrfrst_d01` ikifuatiwa na tarehe.) Watu sita wanatosha kabisa kwa kila programu kuwa na mwenyewe na msaidizi, na zamu kupangwa ili mmoja wao awepo macho daima. Simu ya aliyelala ibaki na namba moja inayoweza kuita.

*Mpaka wa msaada.* Nahodha alifanya kazi ngumu kuliko zote za siku ile: kumzuia mtu mwenye nia njema, anayelipa gharama, asiwasaidie. Na kumweleza mwamuzi mara moja kuliiokoa timu, kwa sababu maelezo yaliyotolewa na timu yenyewe hayafanani na yanayokuja kwa malalamiko ya jirani. Lakini hali ile haikupaswa kutokea. Mfadhili hakuwa amepewa sheria za mashindano kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: kuanzia saa fulani msiingie bandani, msizungumze ufundi na wanafunzi, kifaa kikiharibika tutawafuata kupitia kamati, na kipuri kilekile kiwe tayari kwenye sanduku.

Upande wa pili, timu ilijifunza kwamba kamati nayo ni msaada, na ndiyo pekee iliyobaki wazi baada ya kengele. Swali la pazia liliandikwa kwa namna inayojibika: kitu gani, kifanyweje, kinagusa sheria ipi. Timu nyingi zingelivuta pazia kimya na kuombea lisionekane, au zingekaa na joto lao.

Mwalimu alijiondoa bandani, na alikuwa sahihi. Uso wa mwalimu anayejua jibu ni ushauri wa kiufundi tosha.

*BIOS na utaratibu wa kuwaka.* Nodi B ilikuwa na mpangilio tofauti kwa sababu bodi yake ilibadilishwa na mfadhili wiki moja kabla ya safari, na bodi mpya huja na mipangilio ya kiwandani. Kipuri chochote kikiingia, orodha ya BIOS ikaguliwe upya kuanzia juu. Kuhusu NFS, njia rahisi ni kuzifanya A na B zisubiri: `x-systemd.automount` kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa, hufanya nodi iwake bila kung'ang'ania diski ambayo haijafika.

Kilichobadilishwa kwenye maandalizi ya mwaka uliofuata

Chuo kiliomba mashine ikae wiki sita badala ya tatu, na mfadhili akakubali kwa sharti kwamba chuo kilipie usafiri wa kwenda. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga makasha, mwalimu huzima swichi kuu ya chumba mara tatu, kwa saa asizozitaja, moja ikiwa usiku. Kila mara timu hupimwa kwa vitu vinne: dakika ngapi hadi nodi zote zionekane kwenye Slurm, kikomo cha kila kadi ni kipi, kila programu imeendelea kutoka dakika gani, na kilele cha umeme wakati nodi zote zinawaka kwa pamoja, kwa kuwa feni huanza kwa kasi yote kwa sekunde kadhaa. Mara ya kwanza ilichukua dakika 41. Mara ya tatu ilichukua dakika 9, na tano kati ya hizo zilikuwa za nodi zenyewe kukagua kumbukumbu.